Kabla halmashauri haijanunua kifaa cha kupima zebaki

Ndugu Mhariri,

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Kahama na Chunya, na wenzao wa Migori upande wa Kenya, wanajua jambo ambalo ndilo msingi wa teknolojia tunayoiandikia barua hii: zebaki na dhahabu zikishakutana hazitengani kirahisi. Mchimbaji humimina zebaki kwenye karai la mchanga uliotoka kwenye karasha ili iokote punje za dhahabu. Vifaa vipya vya mkononi vya kupima zebaki kwenye maji vimeugeuza mchezo huo. Vinatanguliza dhahabu ili iokote zebaki. Dhahabu yenyewe ni chembe za upana wa nanomita 13 hivi. Ukitaka zijipange mstari wa milimita moja utahitaji kama 77,000.

Vifaa hivi sasa vinanadiwa kwa halmashauri, kwa jumuiya za watumia maji na kwa miradi ya mazingira, na maneno ya wauzaji ni yale yale: tumbukiza, subiri dakika tano, soma namba. Sayansi yake ni ya kweli, hatuna ugomvi nayo. Tunachogombana nacho ni bajeti inayonunua kifaa na kusahau chupa, asidi, pipeti (kifaa cha kuvuta na kutoa vipimo vidogo vya kimiminika) na mtu wa kuvitumia. Majibu mabaya mengi huzaliwa kabla maji hayajagusa kifaa, na namba mbaya ina madhara pande zote mbili: inaweza kufunga kisima kisicho na kosa, au kuwaacha watu waendelee kunywa.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Elektrodi, ile sehemu ya kifaa inayoingia majini, ni kipande cha plastiki kinacholingana na kijiti cha kupimia sukari ya damu, kimechapwa kwa wino wa kaboni na wa fedha. Kina sehemu tatu: kaboni iliyopakwa chembe za dhahabu, ambayo ndiyo inayopima, kaboni nyingine ya kukamilisha saketi, na fedha ya kulinganishia volti. Mililita 10 za maji yaliyotiwa asidi huwekwa kwenye kikombe, elektrodi ikashikiliwa kwenye volti +0.2 kwa dakika 2 hadi 5 huku maji yakikorogwa. Ioni za zebaki, yaani zebaki iliyoyeyuka majini ikiwa na chaji ya umeme, hupokea elektroni na kuganda juu ya dhahabu. Ukorogaji ukisimamishwa na maji yakitulia kwa sekunde 10, volti hupandishwa hadi +0.7 kwa vijipigo 25 kila sekunde, kila kimoja kikipanda milivolti 4. Zebaki inang'oka, mkondo unaruka, na kwenye skrini kinachoreka kilele kati ya +0.4 na +0.6. Kadiri kilele kinavyorefuka ndivyo zebaki ilivyo nyingi.

Nguvu ya njia hii iko kwenye kukusanya. Kilichokusanywa kwa sekunde 300 kinaachiwa ndani ya sekunde 5, kwa hiyo hata mikrogramu moja kwa lita inapiga kelele ya kusikika. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki isiyo ya kikaboni kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita. Tone la zebaki la gramu moja, dogo kuliko punje ya mahindi, lingetosha kuyafikisha lita 166,000 za maji kwenye kikomo hicho kama lingeyeyuka lote. Haliyeyuki lote, na hapo ndipo mitego inapoanza, lakini tutafika.

Kwa nini chembe za nano, na siyo sahani ya dhahabu tu? Sahani inafanya kazi, na imetumika miaka mingi. Lakini ni ghali, inataka kusuguliwa kwa unga laini wa alumina kila mara, na ina kumbukumbu: zebaki huzama ndani ya dhahabu na haitoki yote, ikaja kujitokeza kwenye sampuli inayofuata. Chembe zinatoa eneo kubwa kwa dhahabu kidogo, kiasi kwamba elektrodi inaweza kutupwa baada ya sampuli moja bila kumfilisi mtu. Tone la mikrolita 5 la rojo la chembe hizo lina dhahabu isiyofika mikrogramu moja.

Rojo hilo linaweza kutengenezwa kwenye maabara yoyote ya chuo yenye jiko la kukorogea na maji yaliyotakaswa vizuri. Miligramu 39 za asidi ya klorauriki, ile yenye maji matatu ya fuwele, huyeyushwa kwenye mililita 100 za maji na kuchemshwa hadi yatokote kwa nguvu. Kisha humiminwa kwa mkupuo mmoja mililita 10 zenye miligramu 114 za sitrati ya sodiamu. Rangi ya manjano hafifu inapotea, inakuja kiza, na baada ya dakika chache inakuwa nyekundu kama divai. Unaendelea kuchemsha dakika 10, unatoa motoni na kukoroga dakika 15 nyingine. Kwenye mashine ya kupima mwanga, rojo zuri hufyonza zaidi karibu na nanomita 520. Lihifadhiwe baridi, gizani, lisigande barafu.

Likitoka la zambarau au la buluu, limeharibika. Mara nyingi chanzo ni chombo kichafu: kabla ya kazi vyombo vyote lazima vioshwe kwa mchanganyiko wa asidi hidrokloriki sehemu 3 na nitriki sehemu 1, ndani ya kabati la kufyonza moshi, kisha visuuzwe mpaka basi. Chanzo kingine ni kutumia maji ya bomba, kwa sababu chumvi zake zinazifanya chembe zishikane. Hakuna dawa ya rojo la buluu. Mwaga kwenye dumu la taka za metali, anza upya.

Kulidondosha kwenye elektrodi ni rahisi kwa macho tu. Tone likikauka linaacha duara pembeni, kama doa la chai mezani, na katikati kunabaki patupu. Elektrodi mbili za mkono mmoja zinaweza kutofautiana kwa robo nzima. Sisi tunapendelea kuiotesha dhahabu kwa umeme moja kwa moja: asidi ya klorauriki ya milimolari 0.5 ndani ya asidi ya salfuriki ya molari 0.5, volti -0.2, sekunde 100. Baadaye elektrodi inapitishwa kwenye asidi ya salfuriki safi. Ikionekana alama ya oksidi ya dhahabu ikirudi kuwa dhahabu karibu na +0.9, dhahabu ipo na imeshika. Isipoonekana, usihangaike na sampuli.

Sasa chupa. Zebaki katika kiasi kidogo hujibanza kwenye kuta za plastiki ya kawaida, na mvuke wake unapenya kwenye plastiki hiyo kuingia na kutoka. Ukichota maji kwenye chupa ya maji ya dukani na kuyapeleka Mwanza kesho yake, utakachopima ni kile ambacho chupa imeamua kukuachia. Ni chupa ya kioo au ya plastiki ya florini, iliyolowekwa kwenye asidi, na asidi ya nitriki hutiwa pale pale kisimani hadi pH, kipimo cha uchachu, ishuke chini ya 2. Asidi iwe ya daraja la metali kidogo, yaani iliyosafishwa metali karibu zote. Kwa kila safari, chupa moja ibebwe ikiwa na maji yaliyotakaswa, ifunguliwe kisimani, itiwe asidi ile ile na irudishwe. Ikionyesha zebaki, safari nzima ina doa, na ni afadhali kujua hivyo kuliko kuandika ripoti.

Halafu matope. Zebaki ya kwenye mwalo, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, haikai majini ikisubiri kupimwa. Inang'ang'ania udongo laini na mabaki ya mimea. Elektrodi inaona ioni huru tu. Haioni zebaki iliyofungwa kwenye udongo, haioni kitone cha metali kilicholala chini ya bwawa la marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa), na haioni methilizebaki, ile inayojilimbikiza kwenye samaki na ambayo ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata huko Japani. Mtu akichuja maji yawe meupe kabla ya kupima, ametupa sehemu kubwa ya jibu pamoja na karatasi ya chujio. Ili kuipata jumla, sampuli isiyochujwa huvunjwavunjwa kwanza kwa kioksidishi kikali, kwa mfano pamanganeti au persalfati pamoja na asidi na joto, kisha kioksidishi kilichobaki huondolewa kabla ya elektrodi kuingia. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Ile "dakika tano" ya tangazo inahesabu mwisho wa kazi tu.

Chumvi inastahili aya yake, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Ile sehemu ya fedha ya kulinganishia volti inategemea kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi, iliyomo majini. Kloridi ikiongezeka mara kumi, rejeo, yaani volti hiyo ya kulinganishia, linahama kwa milivolti 59. Maji ya Ziwa Victoria ni matamu. Maji ya visima vingi vya Dodoma au vya pwani ya Dar es Salaam yana chumvi. Kati ya maji yenye kloridi miligramu 35 kwa lita na yenye miligramu 3,500, kilele cha zebaki kitahama karibu milivolti 118, na programu ya kifaa inayokitafuta mahali pake pa kawaida itasema "hakuna zebaki" kwa kujiamini kabisa. Dawa yake ni kutia chumvi kwa makusudi: kila sampuli, na kila kipimo cha kulinganishia, kiwe na asidi ya nitriki ya milimolari 10 na chumvi safi ya milimolari 10, yaani gramu 0.58 kwa lita. Maji yenye chumvi kidogo, chumvi yake inafunikwa na hiyo. Yaliyo ya chumvi sana yazimuliwe kwanza. Usijaribu kuongeza chumvi hadi yote yafanane na bahari, kwa sababu kloridi nyingi kwenye volti za juu inaanza kuila dhahabu yenyewe, na zebaki nayo inageuka kalomeli, mchanganyiko wa zebaki na kloridi, inayoganda juu ya elektrodi.

Shaba nayo ni jirani msumbufu. Ukikusanya kwenye volti 0, shaba inaganda pamoja na zebaki, na vilele vinaegemeana. Ndiyo sababu tumetaja +0.2: hapo shaba nyingi inabaki majini. Maji ya rangi ya chai yanayotoka kwenye vinamasi yana asidi za mboji zinazoipaka elektrodi kama utando. Kuvunjavunja kwa kioksidishi kunaziondoa pia. Joto tusilisahau: mkondo hupanda kwa kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, na kati ya saa moja asubuhi na saa nane mchana chini ya bati kuna tofauti ya nyuzi 10 au zaidi.

Kwa sababu hizo zote, grafu ya kiwandani iliyowekwa ndani ya kifaa, ile inayogeuza mkondo kuwa kiasi cha zebaki, isiaminiwe kwa maji ya shambani. Njia inayotegemewa ni kuongeza kiasi kinachojulikana ndani ya sampuli ile ile, kwa elektrodi ile ile. Chukua mililita 10 za sampuli, pima. Tuseme kilele ni mikroampia 0.8. Ongeza mikrolita 50 za myeyusho wa zebaki wa miligramu 1 kwa lita. Hapo umeongeza mikrogramu 5 kwa lita. Pima tena; tuseme kilele kimekuwa 1.8. Mikrogramu 5 zimeleta mkondo wa 1.0, basi ule 0.8 wa mwanzo ni mikrogramu 4 kwa lita. Ongeza mara ya pili na ya tatu: kilele kiende 2.8, kisha 3.8. Kikianza kudumaa, dhahabu imeshiba au elektrodi imechafuka, na hesabu hiyo isiandikwe. Njia hii inajirekebisha yenyewe kwa joto, kwa utando na kwa elektrodi dhaifu. Haijirekebishi kwa zebaki iliyobaki kwenye chupa, wala kwa pipeti iliyopotoka. Pipeti ya mikrolita 50 ipimwe kwa mizani: maji inayotoa yawe na uzito wa karibu miligramu 50.

Yupo atakayesema tunakuza mambo. Mwezi Mei 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vipimo vya risasi kwenye damu vya kampuni moja ya huko, vilivyotumia njia hii hii ya kukusanya metali na kuiachia. Vilikuwa vimeidhinishwa na vinatumika kliniki nyingi. Kwa damu iliyotolewa kwenye mshipa vilikuwa vinaweza kusoma chini ya ukweli, na ikashauriwa baadhi ya watoto wa chini ya miaka sita wapimwe upya. Kwa mujibu wa onyo hilo, damu ya kidole haikuwa na tatizo hilo. Elektrodi ilikuwa moja. Sampuli ndiyo iliyotofautiana.

Kuhusu risasi, tuongeze kidogo kwa kuwa wasomaji wa Mombasa wana kidonda cha Owino Uhuru, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Dhahabu siyo chaguo la kwanza hapo. Tangu mwaka 2000 maabara nyingi zinatumia utando wa bismathi juu ya kaboni, ndani ya bafa ya asetati (myeyusho unaotunza uchachu usibadilike) yenye pH 4.5, ambapo risasi na kadimiamu hutoa vilele viwili vilivyoachana vizuri. Kabla ya bismathi ilitumika, amini usiamini, zebaki. Jaroslav Heyrovský wa Prague aliianzisha fani hii mwaka 1922 kwa matone ya zebaki na akapata Nobeli ya kemia mwaka 1959. Vizazi vya wanakemia vilipima sumu moja kwa kutumia nyingine.

Elektrodi hutumika pia kupima dawa za binadamu, ila kwa njia tofauti. Parasetamoli, kwa mfano, haikusanywi. Inaunguzwa tu juu ya kaboni, ikitoa elektroni mbili na protoni mbili. Kaboni ya kawaida inaichanganya na vitamini C na asidi ya mkojo. Elektrodi iliyopakwa grafini (utando mwembamba sana wa kaboni) au mirija ya nano ya kaboni inavitenganisha vilele hivyo, na ndiyo maana wauzaji wanaipeleka kwenye maduka ya dawa kama kinga dhidi ya dawa bandia. Tahadhari yetu ni fupi. Elektrodi hujibu swali ililoulizwa. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba sharubati nne zilizopatikana Gambia, mojawapo ya prometazini, zilikuwa na dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali za viwandani zenye sumu, kwa kiasi kisichokubalika. Elektrodi ya parasetamoli ukiitumbukiza kwenye sharubati ya parasetamoli yenye sumu hiyo itakuonyesha parasetamoli iko sawasawa. Glaikoli hizo haziungui kwenye volti hiyo, hivyo hazionekani. Kwa sharubati, kinachohitajika ni kromatografia, njia ya maabara inayotenganisha kemikali za mchanganyiko moja moja.

Vivyo hivyo, kifaa cha maji hakisemi lolote kuhusu moshi. Anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu jikoni kwake anavuta mvuke wake papo hapo, na maji ya kisima chake yanaweza kuwa safi kabisa. Retoti, yaani chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupozea na kunasa mvuke, ingemfaa zaidi kuliko elektrodi yoyote, na tunadhani miradi yenye fedha kidogo ianze huko.

Mwenye nia ya kununua amuulize muuzaji mambo haya kabla ya kusaini. Kikomo chake cha chini kilipimwa kwenye maji gani: yaliyotakaswa au ya mto? Akisema yaliyotakaswa, aombwe arudie kwenye maji ya eneo husika, akiongeza zebaki inayojulikana, na arudishe kati ya asilimia 80 na 120 ya alichoweka. Elektrodi kumi kutoka pakiti moja zinatofautiana kwa asilimia ngapi, na pakiti ikishakaa miezi sita kwenye stoo yenye joto la Kahama je? Sampuli ngapi zililinganishwa na mashine ya mvuke baridi ya maabara, inayopima zebaki ikiwa mvuke, na matokeo yako wapi? Elektrodi mbadala zinapatikana kwa nani, na kwa muda gani baada ya kuagizwa? Kifaa kisicho na elektrodi ni simu isiyo na laini. Na je, kinaonyesha mchoro wenyewe wa kilele au namba tu? Cha namba tu tusingekinunua hata kwa nusu ya bei, kwa sababu jicho lililozoea hugundua kilele kilichohama au chenye nundu ya shaba, ila namba haina uso.

Mwisho, taka. Kila sampuli iliyopimwa sasa ina zebaki tuliyoiongeza sisi wenyewe, na kila elektrodi iliyotumika ina zebaki juu yake. Vimiminika viende kwenye dumu la plastiki nene lenye asidi na kibandiko, elektrodi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, na vyote vikabidhiwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Gharama hiyo iandikwe kwenye zabuni tangu siku ya kwanza, mstari wake peke yake, isije ikawa maji ya kupimia zebaki yanamwagwa nyuma ya ofisi ya maji.

Wapimaji wa maji,
Mwanza